Barua Imefika, Imefunguliwa

Matusi aliyavumilia. Madereva wa malori ya pamba waliwahi kumtukana mbele yangu kwa sababu ya foleni ya fotokopi, akawaangalia, akalamba kidole, akaendelea kuhesabu karatasi zake. Lakini mtu akimwambia, "Barua yenu hatukuipata," Mpiga Chapa alibadilika uso palepale. Alivua miwani, akakunja mikono kifuani, na kuuliza kwa ile sauti ya chini ambayo mimi, niliyekaa hatua nne kutoka kwake kwa miaka kumi na moja, nilijua ndiyo mbaya: "Hamkuipata, au hamkuijibu?"

Naanzia hapo kwa sababu Bariadi nzima ina habari za mama huyu, na nyingi ni uongo. Wapo wanaosema alikuwa anasoma barua za wateja na kuzitangaza. Wapo wanaosema alikuwa na mtambo wa kupeleleza watu maofisini. Hao hao ndio aliowachapia barua za kuomba kazi, na baadhi yao wanakula mshahara wa barua hizo mpaka leo. Mimi ni fundi cherehani, shule yangu ni ndogo, ila nilikuwepo, na uongo huo umenichosha. Sehemu yake kubwa niliipa nguvu mimi mwenyewe kwa kukaa kimya. Nitafika huko, sikimbii.

Tulipanga chumba kimoja karibu na stendi. Yeye alikaa upande wa mlangoni na meza yake, mimi ndani na cherehani ya miguu, katikati benchi la wateja wa wote wawili. Alikuja pale baada ya soko huria kuingia. Makampuni binafsi yalimiminika kununua pamba, kila kijiji mizani tatu nne, na chama kikuu cha ushirika kikabaki na maghala matupu. Wafanyakazi wakapunguzwa, naye akiwemo, na katika vurugu za kugawana masalio alijipatia taipureta aliyoitumia miaka yote. Aliibeba kichwani mwenyewe, mchana kweupe, kutoka ofisi za ushirika mpaka stendi, ingawa mikokoteni ilikuwepo. Nilipomuuliza kwa nini alijitesa vile, alisema alitaka waione ikitoka.

Alikuwa mwembamba, mrefu, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama vya mtu aliyevuna pamba maisha yake yote, maana aliivuna pia, shamba alikuwa nalo. Akichapa hakutazama herufi. Alitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, upande mmoja wa mdomo na kutazama barabarani, huku mkono unakwenda. Chai alikunywa ya rangi, bila sukari, na kuwasema wanaotia sukari. Bei yake ilikuwa moja kwa kila mtu. Mchungaji wake aliwahi kuomba apunguziwe kwenye kadi za harambee, akaambiwa, "Baba mchungaji, sadaka natoa Jumapili. Leo ni Jumatano."

Kuhusu siri za wateja alikuwa na msemo wake: "Nasoma kwa vidole tu. Vidole havina mdomo." Mtu alikuja na barua ya kumshtaki kaka yake kwa ng'ombe wa mahari, dakika tano baadaye akaingia kaka mtu kuleta majibu, na mama yule akawachapia wote wawili kwa uso uleule. Ukimuuliza fulani kaandika nini, alikujibu, "Muulize aliyelipia." Shule zilimletea mitihani ya muhula na kumwachia siku nzima. Karatasi iliyoharibika aliitupa kwenye kapu la makuti chini ya meza, na kila jioni kabla ya kufunga aliyachoma yaliyomo kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nyuma ya nyumba, akisimama hadi majivu yapoe. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akirudia hata neno moja la barua ya mtu.

Ila barua zake mwenyewe alizifuata kama mtu anayefuata ng'ombe aliyepotea. Tabia hiyo aliianza ushirika, na hadithi yake alinisimulia mara nyingi, kila mara akicheka pale pale. Kazi yake ilikuwa kudurufu nyaraka za kwenda vyama vya msingi, Mkula, Mwandoya, Nkoma, kote huko. Kila mkutano nusu ya viongozi hawakuja, na wote walikuwa na kauli moja, waraka haukuwafikia. Basi kwenye stensili akaacha nafasi tupu mahali pa saa ya kuanza, na dakika akazijaza nakala moja moja kwa taipureta. Mkula aliwaandikia saa tatu na dakika tano. Mwandoya saa tatu na dakika saba. Kila chama dakika zake, zote amezinakili kwenye daftari. Siku ya mkutano alisimama mlangoni na kumuuliza kila anayeingia, kwa upole kabisa, "Wewe uliambiwa saa ngapi?" Hapo alijua nani amesoma nakala ya nani, na ilipitia mikono ipi. Mhasibu mmoja aliyeapa kwamba hajawahi kuuona waraka ule alisema ameitwa saa tatu na dakika saba, na Mwandoya hajawahi kukanyaga.

"Akasemaje?" nilikuwa namuuliza, ingawa nilijua.

"Akaniuliza kama nimeolewa," alisema, na kucheka mpaka miwani ikateremka.

Sasa usidhani alikuwa malaika. Mtu huyu aliyetaka dunia nzima ijibu barua zake, alizoandikiwa yeye alikuwa hafungui. Mwenye nyumba alituletea barua ya kututaka tuhame ili ajenge upya, pamoja na daftari la kusaini. Kusaini alikataa. Barua akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, ikakaa hapo miaka miwili. Nilimwambia si haki. Akaniambia, "Ukishafungua umeingia kwenye mazungumzo nao, Fundi. Mimi sijataka mazungumzo." Nilipomkumbusha kwamba anawalaumu wenzake kwa jambo hilohilo, alisema yeye hali mshahara wa kupokea barua, wao wanakula. Hatukuhama.

Alikuwa pia na ubishi usio na faida. Alitofautiana na mwalimu wa kwaya yao juu ya sare, akamwandikia barua, mwalimu hakujibu, naye akakaa miezi sita anaimba kwa sauti ya pili katika nyimbo zote, hata zile zisizo na sauti ya pili. Mara ngapi nilimwambia, "Mayu, achana nao." Nilimwita Mayu kwa heshima ya mama, kwa kuwa alinizidi umri. Jibu lake lilikuwa kwamba kuachana nao ndiko wanakokutaka.

Kompyuta ilikuja baada ya michezo mingi ya upatu, kuukuu, na sauti yake ilishinda cherehani. Akavuta laini ya simu ya mezani, akanunua na jenereta dogo kwa sababu ya umeme kukatika, na kwa muda mrefu ikawa ukitaka kuchapisha kitu siku isiyo na umeme, ni kwake tu. Alikwenda Mwanza wiki moja kusomea barua pepe. Akarudi na jambo ambalo walimu wenyewe, nadhani, hawakujua wamempa nani.

Alinieleza hivi. Unaandika barua moja, unaituma kwa watu hamsini mara moja, na ndani ya kila nakala kunawekwa kapicha kadogo kuliko punje ya ulezi, hakaonekani kwa macho. Kila mpokeaji ana kapicha kake. Akifungua barua, kapicha kanaitwa kutoka kule kalikohifadhiwa, na kule wanaandika siku, saa, dakika na laini iliyotumika. Akiipeleka kwa mwingine, na huyo mwingine akaifungua kwenye mashine yake, inaandikwa pia. Asubuhi unapata jedwali: fulani amefungua, fulani hajafungua, ya fulani imepelekwa mbele.

Nilimwambia huko ni kuchungulia watu. Alifikiri kidogo, maana neno hilo lilimgusa. Kisha akasema, "Naichungulia barua yangu mwenyewe. Wao siwaoni, siwasikii. Najua tu kwamba bahasha imepasuliwa."

Ndipo wakaja watu wa Nkoma.

Mwenyekiti wao wa kikundi cha wakulima alikuwa mzee mfupi mwenye koti lisilotoka mwilini. Alikaa kwenye benchi letu na chupa ya dawa ya pamba mkononi, nusu imejaa. Msimu ule kampuni iliyonunua pamba kwao ndiyo iliyogawa dawa. Walikuwa wamepiga mara tatu, na funza alikuwa anatembea juu ya jani lililolowa.

"Mayu, funza anakula vitumba huku ananitazama," alisema. "Nimekwenda kwa wakala wa kampuni hapa mjini. Anasema dawa ni nzuri, sisi ndio hatujui kuichanganya na maji. Mimi! Nimepiga bomba la dawa tangu sijaoa, leo sijui maji?"

"Mnataka nini?" akamuuliza. "Fidia?"

"Fidia hatutapata, tunajua. Tunataka tujibiwe. Dawa hii mlipima au hamkupima kabla ya kutugawia? Basi. Kwa sababu wameshaandika huko kwamba Nkoma hawajui kilimo, na mwakani watatuletea hii hii."

Hilo lilimwingia Mpiga Chapa mpaka mifupani. Nilimwona. Jibu moja, ndiyo au hapana, ndicho walichotaka, na kama kuna kitu alichokiamini duniani ni kwamba anayeulizwa kwa barua ajibu kwa barua. Wakaandika pamoja, aya nne, maneno ya mwenyekiti yakinyooshwa kidogo tu. Barua ikatumwa kwa anwani arobaini na moja: kampuni, ofisi za kilimo wilayani na mkoani, bodi, wizara, magazeti. Mkoa wetu wa sasa ulikuwa bado haujazaliwa, kwa hiyo mkoani kulikuwa mbali na sisi kwa kila maana.

Asubuhi zilizofuata alinisomea jedwali kabla sijatia hata uzi kwenye sindano. Bodi wamefungua. Wizara wamefungua. Gazeti moja limefungua na kufunga ndani ya dakika hiyohiyo. Mkoani wamefungua Jumanne saa nne na dakika ishirini, wakafungua tena alasiri. Alizijua ofisi zetu: barua pepe inaingia, katibu muhtasi anaichapisha, inatobolewa matundu, inaingia kwenye jalada na kupanda kwa mkubwa na dokezo juu. "Wakifungua mara moja, ni katibu muhtasi," alisema. "Wakifungua mara tatu, mkubwa ameitaka kwa macho yake." Ilifika mara tatu. Ikafika mara tano. Jibu halikuja hata moja, si la ndiyo wala la hapana.

Wiki ya pili, siku ambayo umeme ulikatika mji mzima, akaingia wakala wa kampuni. Yule yule. Alikuwa na haraka, mashine ya ofisini kwake haiwaki, anataka kufungua barua yake pepe na kuchapisha ukurasa mmoja. Mpiga Chapa akawasha jenereta, akampisha kwenye kiti, na kama ilivyokuwa desturi yake, akageuka kutazama barabarani. Karatasi ya kwanza ilitoka na wino uliokatika katikati, mstari mweupe umepita juu hadi chini. Wakala akaitupa kwenye kapu. Ya pili ikatoka safi, akalipa, akaondoka.

Mama akarudi kwenye kiti chake, akafungua jedwali, akalisoma mstari kwa mstari. Kisha akaanza kucheka, bila sauti, mabega tu.

"Nakala ya mkoani," aliniambia. "Imepelekwa mbele, na imefunguliwa sasa hivi. Hapa Bariadi. Kwenye kiti hiki."

Nilielewa. Mkoani walikuwa wamempelekea mshtakiwa barua ya washtaki wake, naye amekuja kuichapisha kwa aliyeiandika. Niliruka. Nikamwambia, "Mayu, ile iliyoharibika iko kwenye kapu! Huko juu lazima kuna maneno waliyoandikiana. Itoe tuisome."

"Hiyo ni ya mteja."

"Mteja gani? Huyu adui!"

"Adui kalipia," alisema. "Nitaichoma jioni. Mimi nina jedwali langu, ni la barua yangu, nalo linatosha. Nikiiba karatasi yake, mimi na yeye tuna tofauti gani?"

Akatoka kwenda kuzima jenereta. Nami, Fundi, niliyekula michembe yake miaka yote ile, nikainama, nikaichukua ile karatasi, nikaikunja na kuitia ndani ya suruali ya mteja niliyokuwa naishona. Baadaye niliisoma. Juu ya barua ya Nkoma mtu wa mkoani alikuwa ameandika: "Kwa taarifa yako. Wasijibiwe, watachoka wenyewe." Damu ilinichemka. Nilijiambia nafanya kwa ajili yao, na kwa ajili yake pia. Kesho yake nikampa mwenyekiti, nikamwomba asinitaje. Kisingizio cha kumwomba hivyo nilikuwa nacho: kampuni ile ilikuwa imenipa oda ya sare za walinzi wake.

Mkutano wa kufungua msimu wa ununuzi ulifanyika Nkoma, mbele ya ghala la pamba. Alikuja afisa kutoka mkoani, akakaa meza moja na wakala. Watu walijaa, wengine juu ya mikokoteni ya ng'ombe. Mwenyekiti akauliza habari za dawa. Afisa akasimama, akatabasamu, akasema ofisi yake haijapokea lalamiko hata moja kutoka Nkoma, na laiti wangeandika, angeshughulikia mara moja.

Mpiga Chapa alinyoosha mkono. Alikuwa amekaa chini na akina mama, akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Mwadila, mheshimiwa," akamsalimu.

"Mwadila, mama."

"Barua iliondoka kwangu Jumatatu. Jumanne saa nne na dakika ishirini asubuhi ilifunguliwa ofisini kwako. Saa tisa alasiri, tena. Kwa jumla ilifunguliwa mara tano. Halafu ikapelekwa kwa mtu mwingine, naye akaifungua. Huyo simtaji. Jedwali hili hapa, njoo ulione. Nauliza moja tu: hamkuipata, au hamkuijibu?"

Afisa akapangusa uso. Akamtazama wakala, wakala akatazama kucha zake. Akaanza habari za mtandao kusumbua, watu wakaguna, akaacha. Halafu akasema, kwa sauti ndogo lakini wote tuliisikia, "Tuseme ilifika. Sawa, ilifika. Sasa kuhusu hiyo dawa..."

Alikuwa anajibu. Naapa alikuwa anajibu.

Mwenyekiti hakumwacha. Hasira zilimpanda, akachomoa karatasi yangu kwenye koti, akaiinua juu na kusoma kwa sauti: "Wasijibiwe! Watachoka wenyewe!" Uwanja ukalipuka. Wakala akaruka kitini na kumnyooshea kidole Mpiga Chapa: "Karatasi hiyo niliichapisha dukani kwa huyu mama! Ameniibia!" Tazama ujinga wetu. Mtu amekiri mbele ya halaiki kwamba karatasi ni yake, na hakuna aliyemkamata hapo. Afisa alipata pa kukimbilia. Akapaza sauti, akasema kumbe Bariadi kuna wezi wa nyaraka, kumbe barua za watu zinasomwa vichochoroni, na jambo hilo litachunguzwa. Dawa ikasahaulika. Nusu saa nzima iliyobaki watu walibishana kuhusu mama mmoja na kapu lake.

Yeye alisema sentensi moja: "Sikuitoa mimi." Hakunitazama. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu, na mdomo wangu, uliokuwa na kazi moja tu siku ile, ukafungwa.

Shule ndizo zilizoanza kuondoka. Mwalimu mkuu mmoja alikuja kuchukua mitihani ambayo haijachapwa, akasema tu ni maelekezo. Zikafuata parokia, kisha mawakili wa kujitegemea, kisha watu wa kawaida wenye barua za kawaida. Walikuja kwangu kushona na kupita mezani kwake wameinamisha vichwa. Wengine waliniuliza kwa kunong'ona, "Hivi ni kweli alikuwa anasoma?" Nilijibu kwamba mimi sijui mambo ya kompyuta. Hilo ndilo jibu nililotoa, na nililitoa zaidi ya mara moja. Msimu uliofuata kampuni ilileta dawa nyingine yenye lebo nyingine, bila neno, na kwenye majalada ya mkoani nadhani bado imeandikwa kwamba Nkoma hawajui kuchanganya. Mpiga Chapa alifunga ofisi kabla mwaka haujaisha, akahamia Mkula kwa mdogo wake. Aliniachia benchi.

Mwaka jana nilikwenda Mkula. Nyumbani niliaga kwamba naenda harusini. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapepeta mpunga, kichwa cheupe chote, simu ya kisasa imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Mwangaluka, Mayu."

"Mwangaluka, Fundi. Umezeeka vibaya."

Nilikaa kwenye kinu. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuzunguka, yote yakanitoka. Nikasema, "Ile karatasi niliichukua mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoiinua. Niliuona mstari mweupe toka pale nilipokuwa. Na kapu lile lilikuwa linafikiwa na watu wawili." Aliendelea kupepeta. "Nilikuwa nasubiri useme. Ulikuwa umesimama palepale."

"Nisamehe, Mayu. Nilitaka kuwasaidia."

Hapo ungo ukatulia. "Yule bwana alishasema imefika. Ulimsikia? Alishasema! Lilibaki neno moja, watu wa Nkoma wapate jibu lao, kwa njia safi, ambayo hakuna mtu angeifuta. Wewe ukamletea mwizi wa kujifichia nyuma yake. Na ukaniacha mimi niwe huyo mwizi."

Nililia. Sioni haya kusema, nililia kama mtoto. Akanikataza. Alisema, "Usinililie hapa. Hapa tuko wawili na kuku. Mimi nilipakwa matope mbele ya Nkoma nzima." Kisha akaniuliza anwani yangu ya barua pepe, ile ambayo binti yangu alinifungulia kwenye simu na sikuwahi kuitumia kwa lolote la maana. Nikampa. Alinipikia wali, tukala, tukazungumza habari za mvua, na neno lingine juu ya jambo lile hakusema.

Barua iliingia siku tatu baadaye. Alikuwa ameituma kwa orodha ndefu: ofisi zile zile, kikundi cha Nkoma ambacho sasa kinaendeshwa na mtoto wa mwenyekiti, walimu wakuu wa zamani, parokia, hata yule afisa wa mkoani, sasa mstaafu. Ilikuwa fupi. Ilisema wakulima wa Nkoma waliuliza kama dawa ilipimwa kabla ya kugawiwa, na bado wanasubiri. Ilisema karatasi iliyosomwa mkutanoni siku ile haikutolewa na mpiga chapa. Sentensi ya mwisho ilisema aliyeitoa yumo katika orodha hii, na anaombwa awajibu wote.

Niliisoma nikaifunga. Niliisoma tena kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Niliisoma kanisani wakati wa matangazo. Nilijiambia nangoja nipate maneno mazuri. Nilijiambia nina wajukuu wanaosoma katika shule zile. Nilijiambia ni mambo ya zamani, nani anakumbuka. Jumanne asubuhi akapiga simu.

"Fundi. Kumi na wanne wamefungua."

"Vizuri, Mayu."

"Yule bwana wa mkoani naye amefungua. Mara mbili."

"Amejibu?"

"Hajajibu." Nilimsikia akinywa kitu, chai yake ile bila shaka. "Kuna mmoja ameifungua mara kumi na moja."

Hakukata simu. Nilisikia kuku wa Mkula, nikamsikia mtu kwa mbali akimwita mtoto, na pumzi yake, taratibu, ya mtu asiye na haraka yoyote.

Nikakata mimi. Nikaifungua mara ya kumi na mbili, nikabonyeza pale pa kuwajibu wote, nikaandika, "Ni mimi." Chini nikaweka jina langu, la baba yangu na la babu yangu, nikatuma.